Darasa la Kuandika Lisigeuzwe Duka

Ndugu wanachama, na wewe msomaji uliyesimama hapa ukisubiri zamu ya mizani,

Safari hii hatuandiki habari za mbegu wala dawa ya pamba. Tunaandika juu ya lile darasa la jioni, Jumanne na Ijumaa, pale kwenye ghala letu. Maneno ni mengi kijijini, na mengine yanasemwa kilabuni na watu ambao hawajakanyaga mlangoni hata siku moja. Kwa hiyo sisi tunaoandika ukuta huu tumeona hapana budi tuseme letu waziwazi.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu darasa lianze, kila anayehudhuria hutoa shilingi 500 kwa mwezi. Fedha hizo hununua madaftari na kalamu, basi. Mwalimu wetu ni mstaafu, hadai mshahara. Taa ni ile ya sola ya ghala. Sasa baadhi ya wajumbe wameleta hoja kwamba ada iwe shilingi 5,000, eti kitu cha bei rahisi hakithaminiwi, na kwamba mwishoni watu wapewe vyeti. Wengine wanasema bora lifungwe kabisa na ghala likodishwe kwa mfanyabiashara, kwa sababu hadithi haziliwi.

Sisi tunapinga hoja zote mbili. Hadithi haziliwi, ni kweli. Mizani nayo hailiwi, lakini nani yuko tayari kuuza pamba yake bila mizani?

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Msimu uliopita, kelele za kilo kupungua zilipozidi, tulioaminiwa kuwa tunajua kuandika tuliandika barua kwenda wilayani. Tuliijaza heshima na taadhima, tukachukua nafasi hii, tukatanguliza shukrani, ukurasa mmoja na nusu. Ndani yake hamkuwa na tarehe hata moja wala kilo hata moja. Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi, mstari mmoja tu: mnalalamikia nini? Tulikasirika, tukasema tumedharauliwa. Kumbe, jamani, tulipoisoma tena sisi wenyewe, hata sisi hatukuona tunalalamikia nini.

Haukupita mwezi, mama mmoja wa darasani, aliyeishia darasa la nne, akasimama kusoma ukurasa wake. Aliandika siku aliyopeleka pamba. Akaandika alivyoamka saa kumi usiku, kilo alizokuwa amepima kwanza kwa jirani, na kilo alizoandikiwa kwenye stakabadhi. Akaandika na neno aliloambiwa alipouliza: “Mama, wewe unajua kusoma mshale?” Hakuweka tusi wala jina la mtu. Ghala zima lilinyamaza, hata wale waliokuwa wanasinzia juu ya magunia. Ukurasa ule ulinakiliwa, ukasomwa kwenye mkutano wa wanachama, na tangu hapo kilo zinatajwa kwa sauti na muuzaji anasogea kutazama mwenyewe kabla ya kutia saini. Utaliona hilo leo hii, zamu yako ikifika.

Mama yule analipa 500 kwa taabu. Ingekuwa 5,000 asingekuwapo, na ukurasa ule usingekuwapo. Wangebaki vijana wenye duka na watoto wa watumishi, ambao hawapimi pamba.

Wazee wetu wanakumbuka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wanakumbuka kisomo chini ya mwembe, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ambapo watu karibu milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, na hakuna aliyeulizwa ana shilingi ngapi mfukoni ndipo aoneshwe irabu. Bibi zetu wengi waliacha dole gumba wakaanza kutia saini kwa sababu hiyo.

Lakini tuseme kweli. Wakati ule, kwa sehemu kubwa, tulifundishwa kusoma maneno ya wataalamu. Pamba ipandwe hivi, maji yachemshwe hivi. Yalikuwa maneno mazuri na yametusaidia, ila yalitoka kwao kuja kwetu. Darasa hili la ghalani linaanzia upande wa pili: mkulima ndiye anayeandika, na wengine ndio wanaosoma. Hapo ndipo tofauti ilipo, na pengine ndiyo inayowatisha baadhi yetu.

Mtu atauliza, kama ni malalamiko, kwa nini tusifundishwe barua tu? Hadithi na mashairi ya nini? Tunajibu kwa yaliyotokea. Kijana mmoja aliandika hadithi ya binti aliyeacha shule ng'ombe walipofika zizini kwa baba yake. Hakutaja mtu, hata kijiji alikiita jina la kubuni. Siku ya kusoma, mzee mmoja alitoka nje kwa hasira akisema ametukanwa. Wiki ya pili akaja mwingine, analalamika hivyo hivyo! Hadithi moja, na kila mmoja anadhani ni yake. Barua isingeweza kazi hiyo. Ungemwandikia baba mmoja, wenzake wangecheka.

Wala hili si geni Usukumani. Pale Malya, mwaka 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikaa na wanakijiji wakatafuta pamoja tatizo linalowauma, wakalitungia maigizo kwa ngoma na nyimbo za hapo hapo. Tatizo lililochaguliwa lilikuwa wasichana wa shule kupata mimba. Mchezo ulipokwisha, watu walijadiliana. Leo ni zaidi ya miaka 40, na sisi bado tuna la kuandika juu ya hilo hilo.

Wapo wanaosema darasa litaleta ugomvi. Hatuwezi kuapa kwamba halitaleta. Wenzetu wa Kenya, pale Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, walianza na kisomo cha watu wazima mwaka 1976. Kikazaa mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, ambao kwa Kiswahili unaitwa Nitaolewa Nikipenda. Waliouandika ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, lakini wakulima na vibarua wa mashamba ya chai waliusahihisha, wakauigiza, na jukwaa wakalijenga kwa mikono yao. Ulianza kuoneshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kabla ya wiki saba kwisha serikali ilikuwa imeuzuia. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, karibu mwaka mzima. Machi 1982 polisi wakalibomoa jukwaa lenyewe. Tunaitaja habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ile haikuhitaji ada kubwa wala vyeti. Pili, anayesema maandishi ya wanakijiji ni mchezo wa watoto atuambie kwa nini polisi walitumwa kubomoa.

Darasa letu lina makosa yake pia, tusifiche. Kuna wanaoandika kusifia kamati kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na kuna mmoja (anajijua) aliyetumia kurasa tatu kumtukana shemeji yake. Mwalimu huwarudishia madaftari na kuwauliza neno moja: ulimwona kwa macho, au ulisikia? Utaratibu huo uendelee.

Kuhusu fedha, tusijifanye hatujui. Misingi ya ushirika duniani ni saba, na wa tano ni elimu, mafunzo na habari. Chama chetu kimeukubali msingi huo kwa maandishi. Kwa hiyo tunapendekeza ada ibaki 500, asiye nayo alete kuni au afagie ghala, na upungufu wa madaftari ulipwe kutoka fungu la elimu la chama, ambalo msimu uliopita lilinunua viti vya plastiki vya ofisini. Ghala likodishwe mchana kama ni lazima, jioni mbili zibaki za darasa. Vyeti hatuvihitaji.

Hoja hii italetwa kwenye mkutano mkuu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, chini ya mkwaju. Ni ajenda ya nne, baada ya pembejeo, wakati ambapo wengi huwa wameshaondoka. Safari hii msiondoke. Njoo na kadi yako ya uanachama. Na aliye na ukurasa wake auandike kabla ya siku hiyo, ampe mwalimu, usomwe mbele ya wajumbe.

Sisi, waandishi wa ukuta.