Daftari la wiki: Oili chafu na vidonda vya upepo

Mullen, Nebraska, ina watu wapatao 500, nao ndio mji pekee katika kaunti nzima ya Hooker. Ukiuacha tu unaingia kwenye vilima vya mchanga vilivyovikwa nyasi, ng'ombe wametapakaa, kisha vilima tena. Nyasi ndizo zinazoushika mchanga huo. Kwato zikizichana mahali, upepo hupata mlango, ukachimba, na kidonda kikazidi kupanuka. Wafugaji wa huko huvichukia vidonda hivyo. Hutupa humo matairi makuukuu na majani makavu ili mchanga utulie.

Mwaka 1995 kilifunguliwa karibu na Mullen kiwanja cha gofu cha Sand Hills, kazi ya Bill Coore na Ben Crenshaw, huyu Crenshaw akiwa ametwaa taji la mashindano ya Masters kwa mara ya pili mwaka huohuo. Katika vilima vile waliona nafasi za mashimo zaidi ya 100, wakachagua 18, na mchanga wenyewe hawakuusogeza sana. Na vile vidonda? Wakaviacha viwe mitego. Jirani anaziba kidonda kwa matairi, mwenzake anapanda ndege kutoka mbali aje apoteze mpira ndani yake. Nilicheka peke yangu.

Klabu ni ya wanachama, kwa hiyo mimi na wewe tutaiona pichani.

*

Mapenzi yangu yako kwenye viwanja vya mashimo 9 vya miji midogo ya Nebraska, Kansas na Saskatchewan kule Kanada. Baadhi havina hata karani: kuna kisanduku, unatumbukiza ada yako, unaanza. Na kwenye shimo, pale ambapo wenye fedha wana nyasi zilizonyolewa kama zulia, vingine vina duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe. Nyasi laini zinataka maji kila siku; mchanga hautaki kitu. Mpira ukitua, unachukua buruzo la chuma, unalivuta kutoka kwenye mpira hadi shimoni, unapata kinjia kilichonyooka. Ukishapiga, unaliburuza tena kwa mizunguko kufuta nyayo zako, ajaye akute pamesawazishwa.

Mtu wa mazingira atakunja uso kuhusu oili, na ana haki. Lakini anayeona ni ushamba akumbuke kwamba Pinehurst No. 2 ya North Carolina, yenye jina kubwa duniani, ilikuwa na mchanga hadi miaka ya 1930. Hata huku kwetu Waingereza walicheza juu ya mchanga wa oili, wakauita brauni, kwa kuwa grini, yaani zile nyasi laini za shimoni, haikuwepo.

*

Tukirudi Mullen: saa zake ziko nyuma kwa saa moja kuliko za Thedford, mji jirani wa mashariki. Ukiambiwa umechelewa zamu yako ya kucheza, uliza kwanza ni kwa saa ya wapi.