Kima Punju na Haki ya Mkulima

Mwaka 2004 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Uamuzi ule ulikuwa wa busara. Kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake, alipata ngome; na msitu, mikoko na maji vilipata ulinzi wa sheria. Mgeni afikapo Jozani humtazama kima, humpiga picha, kisha akaenda zake. Mkulima wa Pete na vijiji vya jirani hana pa kwenda. Yeye hulala na kuamka na kima juu ya miti yake.

Hapo ndipo penye mzizi wa suala hili. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa kima punju ni zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa hapo awali. Habari hiyo ni njema, lakini isitulevye. Si kima wote waliomo ndani ya hifadhi. Wako wanaoishi mashambani, katika vichaka vya maweni na katika miti ya watu, na huko makundi yao kwa jumla ni madogo na watoto wao ni wachache. Uhai wa kima hao hautegemei askari wa msitu. Unategemea subira ya mkulima, na subira, kama kisima, hukauka ikiwa huchotwa tu bila ya kunyeshewa mvua.

Ni wajibu wetu kusema kweli kwa pande zote mbili. Kwa muda mrefu kima amelaumiwa kwa kupunguza nazi. Wataalamu wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliichunguza tuhuma hiyo, na mwaka 1999 wakaeleza kwamba vidaka anavyovila kima havikupunguza mavuno. Mwenye mnazi hatashangaa sana, kwani anajua kuwa mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi kabla havijawa vitale. Kwa hiyo, katika mashtaka ya nazi, kima na aachiwe huru.

Lakini afisa asiugeuze utafiti huo kuwa fimbo ya kumchapia mkulima. Uliochunguzwa ni mnazi. Haukuchunguzwa kila mmea uliomo shambani. Mwananchi anayeleta malalamiko juu ya mazao yake mengine anastahili kusikilizwa, shamba lake likaguliwe, na apewe jibu. Kumwambia kwamba wataalamu wamekwisha sema, hali hawakusema juu ya jambo lake, ni dharau wala si utawala.

Tangu miaka ya 1990 ulikubaliwa msingi kwamba sehemu ya fedha za wageni wa Jozani iwafikie wanavijiji na wakulima wanaoishi na wanyama hao. Msingi huo ni wa haki, nao haufai kuitwa msaada. Anayemlisha mnyama wa taifa kwa jasho lake analidai taifa, na deni ni amana. Amana hurejeshwa kwa wakati, kwa hisabu iliyo wazi, mbele ya wenyewe. Hisabu ya mapato na mgawo wake isomwe katika mikutano ya shehia, na kila mkulima ajue kilichoingia na kilichotoka. Penye giza la hisabu, hata fedha iliyolipwa kikamilifu huzaa shaka.

Tusiwasahau wa mjini pia. Wanakijiji huambiwa wasikate miti ya uwanda, ilhali kuni na makaa yanayotoka huko yanapikia vyungu vya mjini. Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ilifungua mlango wa mikataba ya misitu baina ya Serikali na vijiji. Mikataba hiyo haitafua dafu iwapo kijiji kinafunga msitu na mji unaendelea kununua makaa bila ya kuuliza yametoka wapi.

Kwamba mtu na mnyama wanaweza kupita njia moja, ushahidi uko barabarani hapo hapo Jozani. Magari yalikuwa yakiwaua kima mara kwa mara. Yalipowekwa matuta, vifo vilipungua. Magari hayakuzuiwa kwenda Paje wala Makunduchi. Yalitakiwa kupunguza mwendo tu.

Na sisi tunawataka viongozi wa Chama na Serikali wapunguze mwendo kidogo, wateremke, wakae barazani na mkulima. Wamwonyeshe hisabu, wamlipe haki yake, kisha wamwombe aendelee kumhifadhi kima. Wakianza na ombi na kuiacha haki nyuma, ipo siku mkulima atachoka, na kima wa mashambani watakuwa wa kwanza kuilipa gharama hiyo.