Jibu Limekwenda Inboksi

Sisi hatuulizi makubwa. Hatuulizi roketi inarushwaje, wala hatuulizi akili bandia itatupeleka wapi. Tunauliza mbona simu ya GB 64 imejaa na hatukumbuki tumeijaza nini. Tunauliza mbona pawabenki iliyoandikwa mAh elfu kumi haijazi mara mbili simu yenye betri ya elfu tano. Tunauliza gemu la mpira la PES lenye Simba na Yanga linapatikana wapi, linawekwaje, na kwa nini likishafunguka jezi zote ni nyeupe. Ni maswali ya mtu aliyemaliza kazi zake za siku, amekaa barazani, bando limebaki kidogo, na anachotaka ni kujua tu. Basi tunaingia kwenye kundi la simu na magemu, tunasalimia kwa adabu, "Habari za jioni wakuu, naombeni msaada," kisha tunasubiri.

Kinachofuata kila mmoja wetu anakijua. Wa kwanza anauliza, "Simu gani?" Unamtajia, hasemi tena. Wa pili anasema uza hiyo takataka ununue simu ya maana. Wa tatu anasema zima, washa. Wa nne anaandika "Hata mimi", wa tano "Hata mimi", wa sita "Hata yangu, tangu juzi". Wa saba anatupia mkeka wa kubeti mechi za kesho. Wa nane ana chumba cha kupangisha, umeme na maji ndani. Halafu anatokea mmoja ambaye kwa uandishi wake tu unaona huyu anajua, anajua kabisa, na huyo anaandika maneno mawili: "Njoo inboksi."

Basi. Swali tumelisikia wote, jibu kalisikia mmoja.

Tuelewane hapa. Hatuna ugomvi na fundi anayekula kwa jasho lake. Kubadili kioo ni kazi, kuiamsha simu iliyogoma kuwaka ni kazi, na mwenye kazi alipwe. Tunachonung'unikia ni lile jibu la sentensi mbili, lisilohitaji bisibisi wala kompyuta, linalofungiwa chumbani kama siri ya mganga. Aliyeitwa inboksi anarudi kundini baada ya nusu saa na kuandika, "Asante sana mkuu, imekubali." Tunamuuliza imekubali vipi. Kimya. Tunamuuliza tena kesho yake, anaweka kidole gumba. Baada ya wiki mbili anaingia mgeni na swali lile lile, neno kwa neno, na wale wale wanaandika "Hata mimi".

Na majibu yenyewe si marefu. Chukua hilo la GB 64. Kiwandani GB moja huhesabiwa kuwa baiti bilioni moja kamili. Programu nyingi huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, kila hatua, kwa hiyo 64 za kwenye boksi zinasomeka 59 na ushei. Humo humo mfumo wa simu wenyewe unachukua sehemu yake kabla hujaweka hata picha moja. Kilichobaki kinaliwa na WhatsApp, maana kila video ya harusi, kila mahubiri na kila kichekesho kinachotumwa kwenye makundi yako kinaweza kujipakua chenyewe kikakaa humo. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utaona kundi lipi limekula nafasi kiasi gani, na ufute kutoka hapo hapo. Mwisho wa somo. Ni aya moja, na watu wameuza simu kwa kuikosa.

Au hiyo pawabenki. Igeuze nyuma usome yale maandishi madogo ambayo muuzaji hakukuonyesha. Zile elfu kumi zimepimwa kwa volti 3.7 za betri iliyomo ndani, sawa na wati-saa 37. Lakini waya wa USB wa kawaida unatoa volti 5, na kwa volti 5 zile elfu kumi ni 7,400. Toa na kinachopotea kwa joto njiani, ndiyo maana simu ya elfu tano inajaa mara moja na nusu hivi, si mara mbili. Hujaibiwa, na pawabenki si lazima iwe feki. Jambo hili limeandikwa mgongoni mwa kifaa chenyewe, na bado kila wiki kuna mtu anatukanana na mwenye duka.

Na ile RAM ya "4+4" inayotangazwa kwa maandishi makubwa kuwa ni 8. Ni nne. Nne nyingine zinakopwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, ambayo ina mwendo wa polepole kuliko RAM yenyewe. Zinasaidia kidogo programu zisifungike ovyo nyuma ya pazia, lakini gemu zito halitaona tofauti unayoitegemea. Mtu angeambiwa haya kabla hajalipa, angechagua vizuri. Anaambiwa baada ya kulipa, na anaambiwa kwa kicheko.

Tukija kwenye magemu, ndiyo kabisa. Wengi wetu hatuna pleisteshini nyumbani. Tuna simu na PPSSPP, programu iliyoanza kutoka mwaka 2012 na kuwezesha simu kucheza magemu ya PSP, ile pleisteshini ya mkononi. Ni kitu kizuri na ni cha bure. Lakini jaribu kumuomba mtu akuelekeze namna ya kuweka PES juu yake. Unapewa linki. Linki inafungua ukurasa wa matangazo, matangazo yanafungua matangazo mengine, sekunde zinahesabiwa, kitufe cha kupakua kipo kimoja cha kweli na vitatu vya uongo. Unapakua, bando linakatika katikati, unanunua jingine, unaanza upya. Faili linafika, limefungwa kwa nywila. Nywila iko kwenye video. Video ni ya dakika kumi na mbili, haina sauti ya mtu, ni muziki tu na kidole kinachopita haraka kwenye kioo, na kwenye dakika ya kumi na moja inasema nywila iko kwenye chaneli ya Telegram. Chaneli imefutwa.

Ukibahatika kuipata nywila, kuna faili la ISO, kuna folda la textures, kuna folda la savedata, na hayo mafolda mawili kila moja lina mahali pake ndani ya folda la PSP. Ukikosea la textures, huenda ndiyo zile jezi nyeupe. Hilo nalo ni jibu la mstari mmoja. Na wanaocheza magemu mengine wanahangaika na folda la Android, ile sehemu ya data na obb, kwa sababu maelekezo wanayofuata yalirekodiwa zamani. Kuanzia Android 11, iliyotoka mwaka 2020, mfumo wenyewe unazizuia programu za kawaida za mafaili kuingia humo. Simu si mbovu, na mtu hajakosea hatua. Ila maelekezo ya zamani bado yanasambazwa kila siku bila tarehe, na anayeshindwa anaambiwa hajui kufuata maelekezo.

Kuna na hili la kejeli. Kijana anauliza, "FIFA 25 imeshatoka?" Anashambuliwa kama kaiba kuku. Hakuna anayemwambia kwa upole kwamba kampuni ya EA na shirikisho la FIFA waliachana, kwamba FIFA 23 ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa jina hilo, na kwamba kuanzia 2023 gemu lile linaitwa EA Sports FC. Hakuna anayemwambia kwamba PES nayo imeitwa eFootball tangu 2021. Makampuni yamebadili majina yenyewe, kwenye mabanda ya magemu watu wanaendelea kuita FIFA na PES, mtoto ametumia jina alilolikuta, na matusi anakula yeye. Kuuliza si ujinga, tumelelewa hivyo. Lakini mtu aliyechekwa mara moja mbele ya kundi zima hanyanyui tena mkono, hata akiwa na swali la maana kuliko yote.

Akiuliza dada, hali ni nyingine kabisa. Ameuliza chaji ya simu yake mbona inaisha saa sita mchana. Inboksi yake inajaa ndani ya dakika: mambo, uko wapi, una mtu, picha yako nzuri. Waungwana watano wamekuja, na hakuna hata mmoja aliyetaja betri. Anafunga mazungumzo, anaondoka kundini, na simu bado inazima saa sita.

Halafu huko inboksi ndiko wizi unakofanyika. Anayemuahidi mtoto wako almasi za bure za gemu la Free Fire hasemi mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu yupo atakayepaza sauti kwamba huo ni utapeli. Anamwita pembeni, anaomba nywila ya akaunti, anaomba zile tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi, na akaunti aliyoijenga mtoto likizo nzima inabadili mmiliki. Jibu la hadharani likiwa na kosa, kuna wa kulisahihisha. Jibu la pembeni halina shahidi.

Wala makundi yenyewe hayatusaidii kuweka kumbukumbu. Kundi la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, lakini kwa kawaida anayejiunga leo haoni yaliyojibiwa jana. Makundi mengine yamewekewa ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, au siku 7, au siku 90, na elimu inafutika pamoja na salamu za asubuhi. Ukitafuta Google huipati, kwa sababu Google haingii ndani ya makundi yetu. Kilichojibiwa kwa sauti ndicho kimepotea zaidi: dakika nne za kurekodi, jogoo anawika, pikipiki inapita, na lile neno ulilolihitaji limesemwa wakati pikipiki inapita. Wenzetu wanaoandika programu walianzisha tovuti ya Stack Overflow mwaka 2008 kwa utaratibu rahisi tu: swali liko wazi, jibu liko wazi, aliyeuliza anaweka alama kwenye jibu lililomsaidia, na anayekuja baada ya miaka mitano analikuta pale pale. Kwa sehemu kubwa ni Kiingereza na ni mambo ya kitaalamu, lakini utaratibu ule hauhitaji Kiingereza.

Na sisi tunaweza, tumewahi. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza kwamba simu bandia zingezimwa usiku wa Juni 16. Swali likawa moja nchi nzima: yangu ni ya kweli au feki? Jibu likatolewa mbele ya wote. Bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15, zitume kwenda 15090, utajibiwa. Likasemwa redioni, likasemwa kwenye daladala, likasemwa sokoni na msibani. Asiyejua kusoma alibonyezewa na jirani. Hakuna aliyemwambia mwenzake aje pembeni, na mpaka leo wapo watu wazima ambao hawajui kufuta picha kwenye simu zao lakini *#06# wanaijua kwa kichwa. Jibu likitolewa hadharani linakuwa la wote, na linakaa.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo kama maswali yetu. Mkuu unayejua, jibu pale ulipoulizwa. Kama ni kazi ya kulipwa, sema bei hadharani, hakuna atakayekulaumu. Admini, ukiliona jibu zuri libandike juu ya kundi likae, na mwenye mikeka umpeleke kwenye kundi la mikeka. Unayecheka wageni, kumbuka kuna aliyekuvumilia siku ulipokuwa hujui. Na wewe ambaye simu yako imekubali, tafadhali, kabla hujaweka kidole gumba, andika mistari mitatu: simu ilikuwa aina gani, ilikuwa na tatizo gani, ulifanya nini ikapona. Inatosha. Bando la maandishi halimalizi mtu.

Inboksi ibaki ya posa na madeni.