Shungi la rangi ya maziwa

Alhamisi ya juma lililopita alitujia dada yetu mmoja, mkononi ameshika shungi lililokunjwa vizuri. Baada ya salamu alilitandaza juu ya meza yetu, akasema: "Hebu nitazamieni, ustadh. Hili ni jeupe au si jeupe?"

Tulilitazama. Lilikuwa jeupe siku liliponunuliwa. Sasa, baada ya kufuliwa kwa maji ya kisima mwaka mzima, limekuwa na rangi ya maziwa. Kwa sababu ya rangi hiyo binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, alizuiwa getini akarudishwa nyumbani, na kuamriwa asionekane tena bila shungi jipya. Mama huyu ni mama lishe. Fedha ya shungi ilipatikana siku ya nne. Asubuhi ileile, mvulana wa darasa hilohilo aliyefika shati likining'inia nje ya suruali aliambiwa achomekee, akachomekea, akaingia darasani.

Shule hiyo si ya serikali wala si ya kanisa. Ni ya Kiislamu, imejengwa kwa michango yetu sisi na ninyi.

Tunakiri kwamba jambo hili lilitufedhehesha, kwa maana si mara moja tumelalamika katika ukurasa huu juu ya wengine. Mwezi Agosti 2023 waziri wa elimu wa Ufaransa, Gabriel Attal, alipiga marufuku abaya katika shule za serikali, pamoja na kanzu za wavulana. Siku ya kwanza ya muhula wasichana 298 walifika wamevaa abaya, na 67 kati yao, walipokataa kuibadili, wakarudishwa makwao. Tuliita dhuluma, na hatujabadili kauli. Kabla ya hapo tuliifuatilia kesi ya wasichana wa Isiolo, Kenya, waliotaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe katika shule inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufani iliwapa haki mwaka 2016. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa hoja ya utaratibu wa namna madai yalivyofikishwa mahakamani. Katika habari zote mbili hoja yetu ilikuwa moja: mtoto asinyimwe somo kwa sababu ya kitambaa. Sasa kitambaa ni chetu, geti ni letu, na mtoto yuko nje.

Tusije tukaeleweka vibaya. Sitara ni amri, na kwamba mavazi ya mwanamume na ya mwanamke yatofautiane hilo kwetu halina mjadala. Shule ina haki ya kuweka sare na kuisimamia. Tunachokihoji ni uzito wa adhabu, na mabega yanayobebeshwa uzito huo. Shungi lililopauka si utovu wa adabu. Ni habari ya mfuko wa mzazi. Tena sare ya msichana ina vipande vingi kuliko ya kaka yake, na kila kipande ni mlango wa kukosea: urefu wa gauni, rangi ya soksi, upana wa shungi, hata pini. Wala si kwetu tu. Ukaguzi uliofanywa mwaka 2022 na ofisi inayokagua shughuli za serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani ulikadiria kuwa asilimia 90 ya wilaya za shule nchini humo zinakataza mavazi yanayohusishwa na wasichana, na asilimia 69 ya wavulana.

Wavulana nao wana lao. Kijana akija na kiduku, au akisuka nywele, yapo mahali anaposimamishwa mbele ya wenzake mstarini, mwalimu akapitisha mkasi au mashine katikati ya kichwa, akamwachia mfereji ili akamalizie mwenyewe kwa kinyozi. Watu wazima hucheka. Lakini imepokewa kutoka kwa Ibn Umar, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza al-qaza', yaani kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha nyingine. Mwalimu wetu basi anamrekebisha mtoto kwa kumfanyia lilelile lililokatazwa! Na anamfanyia hadharani, wakati nasaha tunafundishwa kuitoa faraghani.

Hata fimbo, katika nchi hii ambayo bado inairuhusu shuleni, ina mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinaiweka kwa makosa makubwa, zisizidi nne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwapo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kumfukuza mtoto getini kwa siku nne hakukuandikwa popote. Tuliuliza. Mlinzi ndiye aliyeamua, kwa agizo la mdomo.

Wazazi, mkutano wa kufungua muhula unapoitishwa, msiishie kwenye ada na michango ya chakula. Ombeni kanuni za mavazi kwa maandishi, na mbele ya kila kosa iandikwe adhabu yake. Ulizeni kama shule inaweza kuweka mashungi machache ya akiba ofisini. Gharama yake haifikii ile ya kupaka rangi geti.

Tulipomwuliza dada yetu kama angependa tuonane na mkuu wa shule, alikataa. Alihofia binti ataandamwa. Alichotaka ni kimoja. Siku ya pili ya kukaa nyumbani lilifanyika jaribio la hisabati, na katika karatasi ya matokeo binti ameandikiwa sifuri. Aliomba tumsaidie kuandika barua ili alirudie. Tuliiandika palepale. Akaikunja pamoja na lile shungi, akasema litamfaa mdogo wake kwa madrasa.