Siku ya shamba iliyopotea nayo ni gharama



Juma lililopita niliita majina darasani nikaona binti mmoja wa darasa la sita amekosa siku nane. Nilienda kwao. Mama yake alikuwa amelala kitandani, bila homa, bila malaria. Tangu mazishi ya mumewe hapati usingizi, hapiki, haongei. Binti ndiye anayechota maji na kumchunga mdogo wake. Nyanya yao akaniambia: "Mwalimu, ugonjwa huu hautugharimu kitu. Hatujanunua hata dawa moja."

Tuhesabu pamoja. Mama huyo alikuwa akiuza unga wa mihogo sokoni mara tatu kwa juma, sasa hauzi. Shamba halikulimwa. Minervali imelipwa, lakini mtoto hasomi. Nyanya ameacha biashara yake ndogo ili amtunze. Kwenye kituo cha afya hakuna franka iliyoandikwa, na huku nyumba inaanguka.

Kuna watu ambao kazi yao ni hesabu ya namna hii. Wanaitwa wachumi wa afya. Watafiti wa afya ya akili wanapojaribu matibabu, wengine wanaangalia kama mgonjwa anapona. Mchumi wa afya anaandika gharama: mshahara wa msaidizi, nauli ya mgonjwa, siku alizokosa kazi, saa ambazo ndugu walimtunza. Anauliza pia maisha yakoje. Karatasi moja inayotumika sana, EQ-5D, inauliza mambo matano: kutembea, kujiosha na kuvaa, kazi za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Majibu yakiwekwa kando ya gharama, inaonekana kila franka imeleta nafuu gani.

Matibabu yenyewe yapo. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliofanyika vijijini huku kwetu mashariki mwa Congo, kwa wanawake 405 waliotendewa jeuri ya kingono. Baadhi yao walikutana kwa vikundi na wasaidizi waliofundishwa, wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi walikuwa 9 kwa mia katika vikundi, na 42 kwa mia kwa wale wengine.

Lakini wenye kugawa feza huuliza swali la pili: ni bei gani, na faida iko wapi? Mwaka 2016 wachumi waliofanya kazi na Shirika la Afya Duniani walihesabu kwa nchi 36: kila dola 1 inayowekwa katika kutibu huzuni kubwa na wasiwasi inarudisha dola 4, kwa afya bora na uwezo wa kufanya kazi. Hesabu kama hiyo inaweza kumsemea mgonjwa mahali ambapo yeye hawezi kufika.

Basi, mtafiti akibisha mlangoni, muulize ametumwa na nani, majibu yanakwenda wapi, na kama jina lako litafichwa. Una haki ya kukataa. Ukikubali, usiseme "hakuna kitu." Sema siku za shamba, siku za soko, siku za masomo. Gharama ambayo haikusemwa haitahesabiwa.

Na tusingoje mtafiti ili kusaidiana. Mgonjwa wa namna hii apelekwe kituo cha afya mapema. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, ambako wanatibu magonjwa ya akili.

Mama yule tulimsindikiza kituoni siku ya Ijumaa. Bado ni mgonjwa. Wamama wawili wa muso wanapokezana nyumbani kwake, na binti amerudi darasani siku nne kati ya sita. Tunatafuta mama wa tatu.

Tuonane juma lijalo.