Imani Yako Inakaa Wapi Jumatatu Asubuhi?

Kijana mwenzangu, sisi wa upande huu wa ziwa hatuna shida ya kwenda kanisani. Kuanzia Kisegi hadi Sindo, kutoka Rongo mpaka Muhuru Bay, Jumamosi Wasabato wamejaa na Biblia zao mkononi. Jumapili utawaona Wakatoliki, Waanglikana, watu wa Legio Maria na kanzu zao za rangi, na makanisa ya Roho yakipita barabarani kwa ngoma. Ijumaa usiku kuna kesha. Shida yetu si kanisa kuwa tupu. Hebu basi nikuulize: hiyo imani yako inakaa wapi ikifika Jumatatu asubuhi?

Tuangalie hesabu kidogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Mwaka 2023, shirika la Transparency International liliipa Kenya alama 31 kati ya 100 katika orodha yake ya ufisadi, ambapo 100 ndiyo nchi safi kabisa. Hao wanaokula rushwa hawatoki mbinguni wala Ulaya. Wengi wao walikuwa kanisani wikendi, na pengine waliketi mstari wa mbele.

Sasa usikimbilie kuwanyooshea wanasiasa kidole. Njoo kwanza ufuoni. Unajua gorogoro lililobonyezwa chini ili omena zionekane nyingi. Unajua mchanga unaoachwa kwenye omena ili uzito upande. Unajua bodaboda anayemtoza mgeni mara mbili kwa sababu hajui bei. Nani hufanya hayo? Ni sisi, tena kuna anayeimba kwaya.

Jambo hili si geni. Soma kitabu cha nabii Amosi, sura ya nane. Kuna wafanyabiashara waliokuwa wakiishika Sabato vizuri tu, hawauzi chochote siku hiyo. Lakini huku wameketi, moyoni wanauliza itaisha saa ngapi ili warudi kuuza nafaka kwa kipimo kidogo na mizani ya uongo. Mungu hakuwalaumu kwa kuruka ibada. Aliwakasirikia kwa sababu ibada yao haikufika kwenye mizani. Kwetu ambako Sabato inaheshimiwa hivi, maneno hayo yanatuhusu moja kwa moja.

Ukweli usemwe, imani haikuletwa hapa kama kitu cha siku moja kwa wiki. Mwaka 1906, Grandville Carscallen na Peter Nyambo, kijana Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay kuanzisha kazi ya Waadventista. Carscallen alijifunza Dholuo hadi akaandika kitabu cha sarufi yake. Mwaka 1913 mtambo wa uchapishaji ulikuwa umeanza kazi Gendia. Kule Kamagambo, Migori ya leo, ikaja shule. Mtu aliyeamini alijikuta anajifunza kusoma, kutunza mwili wake na kufanya kazi kwa mikono. Imani iliingia mpaka jikoni na shambani.

Halafu kulikuwa na uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa miaka ya 1930 uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia Kenya mwaka 1937. Waliookoka walijulikana kwa nini? Si kwa kelele tu. Walirudisha vitu walivyoiba. Mtu alibeba jembe au pesa akaenda kwa mwajiri wake kusema, hii ni yako, niliichukua. Zakayo aliahidi kufanya hivyo katika Injili ya Luka, tena mara nne. Hebu fikiria kama wokovu ungepimwa hivyo leo. Madhabahuni pangekuwa na foleni fupi sana!

Najua utaniambia njaa haina dini. Na hapa tusidanganyane, kuna mambo magumu. Chukua jaboya. Mama au msichana anataka samaki wa kwenda kuuza, mvuvi anampa kwa masharti ya kulala naye. Kwa miaka mingi Homa Bay imekuwa miongoni mwa kaunti zenye maambukizi ya juu zaidi ya virusi vya Ukimwi nchini, na mtindo huu umechangia. Ukimwambia dada huyo "wewe omba tu" halafu ukaenda zako, hujamsaidia. Akikataa, watoto wake watalala njaa usiku huo huo.

Ndiyo maana imani ya katikati ya maisha haiwezi kuwa ya mtu mmoja peke yake. Kule Nduru, Kaunti ya Kisumu, wanawake walianzisha kikundi kiitwacho No Sex for Fish mwaka 2011. Wazo lao lilikuwa rahisi: tukiwa na boti zetu, hatutamwomba mtu samaki kwa masharti. Walisaidiwa kupata boti, wakaajiri wavuvi. Haikuwa mteremko. Boti nyingine ziliharibika, na mwaka 2020 mafuriko yakafunika kijiji chao. Lakini walikuwa wamegusa mzizi wenyewe. Sasa niambie, kanisa linaloweza kuchangisha kununua spika kubwa, linashindwa vipi kuchangia boti moja ya akina mama wajane? Na wewe mvuvi kijana unayejiita Mkristo, hubiri lako la kwanza ni kumuuzia dada huyo samaki kwa pesa, basi.

Viongozi nao wanaweza. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa mamilioni ya shilingi ambao Rais William Ruto alikuwa ametoa kwa kanisa la Soweto, likaagiza pesa zirudishwe. Askofu Mkuu aliyesimama hivyo ni Philip Anyolo, ambaye tunamjua vizuri, kwa sababu alikuwa Askofu wa Homa Bay kuanzia 2003 hadi 2018. Kukataa pesa si jambo dogo. Kwaya ilizihitaji, na kanisa lilikuwa na mipango nazo. Lakini kuna siku imani lazima igharimu kitu, la sivyo ni mapambo.

Nikupe pia tahadhari. Kuweka imani katikati hakumaanishi kuacha kila kitu kingine. Shakahola, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Aprili 2025, hapa kwetu Opapo, Rongo, polisi waliwaondoa watu zaidi ya 50 waliokuwa wakiishi ndani ya kanisa. Mhubiri akikuambia uache shule, ufiche dawa zako au ukate uhusiano na wazazi ndipo uwe mtakatifu, toka mbio. Yesu aliwakuta Petro na wenzake kwenye nyavu. Paulo alishona mahema. Imani ya kweli inakufanya uwe mtu mzuri zaidi nyumbani, darasani na kazini. Haikufichi humo ndani.

Basi ufanye nini? Sina orodha ndefu. Kabla hujashika simu asubuhi, omba dakika mbili, na katika sala hiyo taja kazi utakayofanya siku hiyo na watu utakaokutana nao. Ukiwa na mizani au gorogoro, likague. Kama kuna mtu ulimdhulumu, hata shilingi 50, mrudishie kwa M-Pesa leo. Na tafuta rafiki mmoja anayeruhusiwa kukuuliza maswali magumu: umebeti tena? Yule msichana unamtendea vipi? Pesa za chama ziko wapi? Kwaya haitakuuliza hayo, lakini rafiki wa kweli atauliza.

Wazee wetu husema mtu hujulikana kwa kazi yake. Jirani asiyewahi kukanyaga kanisani mwako hatasikia mahubiri ya pasta. Atakachosoma ni namna unavyompimia omena.