Mkopo Usikatwe Kabla ya Onyo

Serikali inapomkopesha kijana fedha za masomo ya juu, inayo haki ya kumwuliza amesoma nini. Hilo hatulibishi, na wala hatudhani kuwa yuko mzazi wa Unguja au wa Pemba atakayelibisha. Fedha hizo ni jasho la mchumaji karafuu wa Wete, la mama anayeshinda ufukweni Paje kwenye mwani wakati wa bamvua, na la mchukuzi wa bandarini Malindi. Kijana aliyekopeshwa jasho hilo, kisha akageuza siku za masomo kuwa siku za kulala, hana wa kumtetea katika safu hii.

Lakini leo tunauliza jambo jingine. Kijana akianguka mtihani, je, aambiwe nini kabla ya fedha kukatwa? Nani amsikilize? Na je, ipo njia ya kurudi?

Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, inataka mwanafunzi anayeendelea na masomo awe amefaulu mitihani inayomwezesha kuingia mwaka au hatua inayofuata. Bodi hiyo ilianza kazi Julai 2005, na wanaokopeshwa nayo ni Watanzania wa pande zote mbili za Muungano. Sisi huku visiwani tunayo pia bodi yetu wenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Hoja yetu inazielekea bodi zote mbili, kwa sababu kijana wa Kojani aliyeko Dar es Salaam na mwenziwe aliyeko Tunguu wanakabiliwa na khofu ile ile kila matokeo yanapobandikwa.

Sharti la kufaulu lina mantiki yake. Mkopo umetolewa ili mtu amalize masomo, na asiyesonga mbele hamalizi. Tabu inaanza pale sharti hili linapotumiwa kama panga. Tuchukue mfano wa vijana wawili waliokaa dawati moja, wakaanguka masomo yale yale, wakashindwa pia mitihani ya marudio, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita sapu. Chuo kinawapa adhabu moja: warudie mwaka. Mmoja baba yake ana duka Darajani. Analipiwa ada, anapangishiwa chumba, anarudia mwaka wake, na baada ya miaka michache anavaa joho kama wenzake, wala hakuna atakayekumbuka kwamba aliwahi kuanguka. Wa pili alikuwa akiishi kwa mkopo. Hakutimiza sharti la kuingia mwaka unaofuata, kwa hivyo mwaka anaoambiwa aurudie hana wa kumlipia. Anafunga begi, anapanda boti, anarudi kwao na deni bila ya shahada.

Kosa ni moja, na adhabu ya kitaaluma ni moja. Ile ya pili, ya kukatiwa fedha, inamwangukia maskini peke yake. Tarehe 23 Septemba, 1964 Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila ya malipo katika visiwa hivi, iliondoa fimbo ya namna hiyo hiyo, kwamba mfuko wa baba ndio uamue mtoto asome hadi wapi. Tunajua kwamba elimu ya juu ina gharama nyingine, na mkopo si zawadi. Lakini ingekuwa ajabu fimbo iliyotolewa mlangoni mwa skuli za msingi ikakutwa imesimamishwa mlangoni mwa chuo kikuu.

Wapo maofisa watakaosema kuwa aliyeanguka ameanguka kwa uvivu. Wengine ndivyo walivyo. Hata hivyo mtu yeyote aliyewahi kulea mwanafunzi anajua kuwa mambo si mepesi hivyo. Mtoto wetu hukulia katika Kiswahili, hufundishwa madarasa ya mwanzo kwa Kiswahili, kisha hujikuta katika ukumbi wa mamia ya watu ambamo mhadhiri anasema Kiingereza kwa saa mbili bila ya kupumua. Mwaka wa kwanza ndio mwaka wa kuzama. Akivuka muhula ule aghlabu huogelea mpaka mwisho. Kumwondoa mtu majini kwa sababu siku ya kwanza amekunywa maji si njia ya kupata waogeleaji.

Yako pia maradhi na misiba. Yuko msichana aliyejifungua wiki ya mitihani. Yuko kijana aliyepata khabari ya kufa kwa baba yake akiwa upande wa pili wa bahari. Taratibu za vyuo zinaruhusu mwenye udhuru kuahirisha masomo, lakini yataka aombe mapema, na aombe kwa maandishi. Kijana ambaye maisha yake yote yameshikwa na mkopo huogopa kuomba chochote kinachoweza kuugusa. Anaingia katika chumba cha mtihani na homa, anaanguka, na baadaye cheti cha daktari hakimsaidii tena.

Na tuseme ukweli, wakati mwingine fedha yenyewe ndiyo iliyomwangusha. Zile za kujikimu, ambazo vijana huziita bumu, zikichelewa mwanzoni mwa muhula, mwanafunzi wa mbali huanza masomo hana pa kulala wala cha kula. Anashinda kwa jamaa, anakwenda kwa miguu, anakosa mihadhara ya asubuhi. Mwisho wa mwaka anaulizwa kwa nini hakufaulu na ofisi ile ile iliyochelewa kumlipa. Lawama si ya bodi peke yake. Vyuo vinapokawia kupeleka matokeo, bodi haina njia ya kujua nani amefaulu, na hapo hata mwanafunzi bora husubiri pamoja na aliyeanguka.

Si sisi peke yetu tuliokutana na swali hili. Marekani, nchi isiyosifika kwa kuwabembeleza maskini wake, huwapa wanafunzi wake msaada wa fedha za serikali kuu, na huwatilia sharti la maendeleo ya masomo. Sharti lenyewe si jepesi. Kwa kozi iliyo ndefu kuliko miaka miwili, mwanafunzi akimaliza mwaka wa pili hutakiwa awe na wastani wa daraja la C au unaolingana nao. Tena hahesabiwi alama tu, huhesabiwa na mwendo: msaada hauvuki mara moja na nusu ya urefu wa kozi. Shahada yenye vipimo 120 vya masomo ina kikomo cha vipimo 180 alivyojaribu, vilivyofaulu na visivyofaulu. Ndiyo maana vyuo vingi huko humtaka mwanafunzi afaulu karibu theluthi mbili ya kila anachokisajili, yaani asilimia 67. Aliyeacha somo katikati ya muhula aghlabu huhesabiwa kuwa amelijaribu.

Pamoja na ukali huo, kanuni zao, zilizotangazwa upya mwaka 2010 zikaanza kutumika Julai 2011, zinaruhusu chuo kinachopima kila muhula kimpe mwanafunzi onyo kwanza. Katika muhula wa onyo fedha haikatwi, na hana haja ya kuomba. Akishindwa tena, chuo kinaweza kumfungulia mlango wa rufaa. Sababu zinazotajwa katika kanuni ni kufiwa na jamaa, kuumia au kuugua kwa mwanafunzi, na mambo mengine ya pekee. Mkata rufaa hujibu maswali mawili: nini kilichokuzuia kufaulu, na nini kimebadilika hata tuamini kwamba safari hii utafaulu? Akikubaliwa, huwekwa katika majaribio, au huandikiwa mpango wa masomo unaosema muhula hadi muhula apasi nini. Akiukiuka, fedha inasita.

Hatusemi tuiige Marekani kila kitu. Huko kila chuo hujitungia masharti yake juu ya kiwango cha chini kilichowekwa na serikali, na baadhi ya vyuo huongeza ukali mpaka mwanafunzi hajui ajishike wapi. Rufaa nayo si lazima chuo kiipokee. Hayo hatuyatamani. Tunachokitamani ni kule kukiri kwamba kati ya kufaulu na kufukuzwa kuna hatua, na kwamba mtu ana haki ya kuzipitia hatua hizo huku akiwa amekula.

Jibu tunalitarajia: mfuko ni mdogo, na nje ya mlango wako vijana wapya waliokosa mkopo kabisa. Jibu hilo lina uzito, na hatulidharau. Lakini Wizara ya Fedha, ambayo kazi yake ni hesabu, na ihesabu. Kijana aliyekwisha kukopeshwa miaka miwili akaachwa njiani hajaiokolea Serikali kitu, maana ya miaka miwili imekwisha kutumika. Marejesho ya mikopo ya Bodi ya Tanzania Bara yamewekwa, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, kuwa asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa aliyeajiriwa. Asilimia 15 ya mshahara wa mwalimu au wa muuguzi inapatikana kila mwisho wa mwezi. Aliyerudi Kojani kuvua pweza atakatwa asilimia 15 ya nini? Deni lake liko palepale katika vitabu, na litakaa humo. Fedha ya mwaka mmoja wa kurudia ni gharama ya kulinda fedha ya miaka iliyotangulia, na mbele yake upo mshahara unaoweza kukatwa.

Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi koleo litengenezwe, lakini lisitengenezwe kila siku. Rai yetu ni kwamba nafasi ya pili iwe moja tu katika kozi nzima. Anayeonekana muhula wa kwanza kuwa anayumba apewe onyo kwa barua, kwa Kiswahili, ili na mzazi wake aweze kuisoma, na nakala yake ifike kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Anayelazimika kurudia mwaka aruhusiwe kukata rufaa, aeleze sababu, alete ushahidi. Rufaa ikikubaliwa, mkopo uendelee kwa mwaka huo mmoja wa kurudia, chini ya mpango uliotiwa saini na chuo, bodi na mwanafunzi. Akianguka tena, safu hii haitamwombea.

Ushahidi wenyewe nao usiwe kizingiti kipya. Cheti cha hospitali, cheti cha kifo, na pale ambapo hapana cheti, barua ya sheha, zitoshe. Na mwenye kusikiliza rufaa za Pemba azisikilize Pemba. Hatuoni maana ya kumtaka kijana asiye na fedha alipe nauli ya boti hadi Unguja, au hadi Dar es Salaam, kwenda kueleza kwamba hana fedha. Ofisi ya Chake Chake, siku mbili tatu, na meza moja, zinatosha.

Kwa wanafunzi wenyewe tunayo maneno, ingawa si mengi. Wapo wanaopokea fedha za kujikimu wakazimaliza kwa simu mpya na viatu, na mwezi haujafika katikati wanakopa. Wapo, na hawa tunawaonea huruma zaidi, wanaogawa bumu mara mbili na kutuma nusu nyumbani kwa wadogo zao. Wazazi wanaozipokea wajue kwamba fedha ile imepimwa kwa mtu mmoja, na kila shilingi inayovuka bahari kurudi inapunguza sahani ya anayesoma. Tunajua si rahisi kwa mama kuikataa.

Yapo mambo ambayo hayahitaji sheria mpya wala fedha mpya. Vyuo vinaweza kupeleka matokeo kwa wakati. Bodi zinaweza kumwandikia kila mkopeshwaji, siku anapotia saini mkataba, karatasi moja inayosema wazi apasi nini ili asikatiwe, nini kinahesabiwa kuwa kuanguka, na akiugua ampelekee nani khabari. Tumezungumza na wanafunzi waliokwisha kukatiwa ambao mpaka leo hawajui ni kanuni gani iliyowakata. Waliijua siku jina lao lilipokosekana katika orodha ya malipo.

Mitihani ya marudio hufanywa kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, na orodha za malipo hupangwa baada yake. Katikati hapo ziko wiki chache ambazo rufaa zinaweza kusikilizwa pasipo kumchelewesha mtu yeyote. Tunaiomba bodi ya Zanzibar, iliyo karibu zaidi na watu wake, itangulie kuzitumia wiki hizo mwaka huu, na itangaze kwa masheha wa wilaya zote, kuanzia Micheweni mpaka Makunduchi, siku na mahali rufaa zitakapopokelewa.